Kisiki cha Mama Yangu

Hapana, hii mwavuli si yangu, na sikuiba. Usiniangalie hivyo. Mimi, mwanamke wa umri huu, nitembee sokoni na mwavuli ya maua kama bibi harusi? Ni ya daktari. Ameenda likizo kwao Meru akaniachia nimshikie, akasema na ile sauti yake ya kubembeleza mbuzi, "Mama, ukiiuza nitajua." Nitamuuzia nani? Garissa hii, kila mtu akiiona anajua ni ya nani, na anajua ilifanya kazi gani.

Ilifanya kazi ya kumfunika mtu mmoja mwenye kichwa ngumu. Huyo ndiye nataka kusema habari yake, yeye na daktari. Mimi kuandika sijui. Shule niliona mlango yake tu, nikipeleka maziwa kwa walimu. Sasa nasema, simu yako inasikia, wewe utaandika. Hata Kiswahili nimeokota huko huko, kwa walimu na kwa laini ya polisi, kule askari wanakaa, ndiyo maana nikikasirika nasema kama sajini.

Mwenye kichwa ngumu ni dumaashi yangu, mke wa ndugu yangu, na mimi kwake ni dumaashi pia. Mimi na yeye tunauza maziwa ya ngamia soko moja tangu tukiwa na meno yote. Yeye amezaliwa Buna, huko Wajir ya juu, na hajaacha kutuambia. Ukisema leo kuna joto, anasema, "Hii? Buna hii inaitwa baridi." Ukisema una kiu, Buna watu hawajui kiu. Nilimuuliza siku moja, kama Buna ni nzuri hivyo, mbona ulikubali kuolewa mbali na Buna? Akanirushia kifuniko ya jerikeni.

Sasa sikiliza habari ya nafasi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Mama yangu ndiye alianza kuuza maziwa katikati ya soko, chini ya mgunga mkubwa, pale gari zinashusha watu. Na kwetu sisi wauza maziwa, nafasi ni ya mama. Mama akizeeka anampa mtu, na huyo mtu anakaa hapo mpaka yeye pia azeeke. Hakuna mwingine atakaa. Hata kama umesafiri, hata kama umelazwa hospitali, nafasi yako inabaki wazi kama mahali jino imetoka. Basi mama yangu alipozeeka alimpa nani? Mimi, binti yake wa tumbo? Hapana. Alimpa mke wa mtoto wake. Akaniambia, "Wewe una mdomo, utauza popote. Huyu hana mdomo. Muachie mti."

Nikabeba mdomo yangu nikaenda kukaa karibu na kinyozi, nywele za watu zinarukia maziwa.

Na tangu siku hiyo, kila nikipita hapo asubuhi, nilikuwa namsalimia hivi: "Dumaashi, leo unakufa saa ngapi nihamie?" Yeye, bila kuinua macho kwa jerikeni yake: "Wewe utatangulia. Mdomo inachosha mwili." Kisha tunaulizana habari ya watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mtu asipoipata siku moja anauliza, vipi, kuna msiba?

Halafu ikaja ile mvua kubwa, mto Tana ikatoka ikaingia kwa nyumba za watu, na mti ya mama yangu ikaanguka. Watu wa makaa wakabeba matawi, wakabeba mwili, ikabaki kisiki. Tukasema sasa dumaashi atahama. Alihama? Alipanda juu ya kisiki akakaa, kama kuku imepata yai ya mwingine. Hakuna jani moja juu ya kichwa yake. Watu wakimuuliza, anajibu kwa Kiswahili yake, ambayo ni mbaya kuliko yangu, na uandike hivyo hivyo vile nasema: "Mimi habana toka haba! Wateja najua mimi haba!" Yaani hapa hatoki, wateja wanamjua hapa. Na akimaliza ananionyesha kwa kidole, kule kwa kinyozi. "Na nikitoka, ile itaingia."

Ile ni mimi.

Wakati wa mvua hakuna shida. Lakini Ramadhani ikaingia katikati ya jilaal, kiangazi yetu ile mbaya, wakati hata upepo ikikuja unaomba irudi ilikotoka. Na Ramadhani maziwa hainunuliwi asubuhi. Watu wananunua alasiri, ya kufuturu. Kwa hivyo saa ile mbuzi yenyewe imeingia chini ya lori, saa ile mbwa imejichimbia shimo, sisi wanawake wazee ndio tunatoka kukaa nje, na tumefunga.

Hapo ndipo daktari aliingia. Ni nesi wa zahanati, lakini kwetu kila mtu wa koti nyeupe ni daktari. Msichana mfupi, miguu haraka, Mkristo. Alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nje, kwa boda boda, kwa vijana wa mjengo, wale wanajenga nyumba, kwa sisi wa soko, kuwaambia watu vile watapita kiangazi bila kuanguka.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, adhuhuri imepita kidogo, akakuja na ndoo ya maji baridi. Na kikombe. Akasimama katikati yetu. "Kina mama, kunyweni maji! Kunyweni maji mingi, jua ni kali!"

Soko yote ikamgeukia. Hata punda ya maji iligeuza kichwa.

Nikamwambia, "Daktari, leta na pilau, tumalize kabisa."

Wacha watu wacheke! Kinyozi aliweka mashine chini. Msichana akashika mdomo. "Wuui! Nimesahau! Kina mama, nisameheni, wallahi nimesahau!" Mkristo anaapa wallahi, tukacheka upya. Alibeba ndoo yake akaenda nayo haraka haraka, maji inamwagikia viatu. Mimi nilisema, huyu hatumuoni tena, ameenda kuomba uhamisho.

Kesho yake huyo hapo. Hana ndoo. Akakaa chini kwa vumbi na koti nyeupe, mbele yangu, akasema, "Mama, jana nilikuja na maneno ya mchana. Leo nimekuja na maneno ya usiku."

Na maneno yake ilikuwa ya maana. Alisema maji ya kesho inanywewa leo, kutoka futari mpaka daku, kidogo kidogo, si kumwaga mara moja kama ngamia imefika kisimani. Chai ya rangi ikiwa kali sana wakati wa daku itakutoa maji yote kabla jua haijatoka. Alisema mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mimba, aende zahanati kwanza na amuulize pia sheikh. Akasema mtu akitoa jasho usiogope, ogopa jasho ikikauka. Akisema maneno ya ajabu, ogopa zaidi. Na kwa sababu mtu mwenyewe hawezi kujua kichwa yake imeanza kuchemka, kila mmoja amwangalie mwenzake. Akatugawa wawili wawili.

"Wewe mama, utamwangalia yule wa kisiki."

"Huyo namwangalia tangu siku anaolewa," nikasema.

Kitu kimoja nilimpenda nacho, hakukunywa hata tone mbele yetu. Mwezi mzima. Dumaashi yangu alimjaribu, akamwita pale kwa kisiki. "Wewe! Chai nakunywa wewe leo?" Daktari akajibu, "Nimekunywa, mama. Wakati wa daku. Nimemwambia mwenye nyumba aniamshe na watoto wake." Midomo ilikuwa imepasuka kama yetu. Dumaashi akaiangalia hiyo midomo, akatoa sauti ya pua, ile "hm" yake. Kwa mtu wa Buna, hiyo ni kama kukuvalisha shada ya maua.

Halafu akatafuta kivuli. Kuna mwenye duka ya nguo, baraza yake ni ndefu, kuna upepo kidogo. Alimwendea. Mwenye duka ana sauti kama mlango ya chuma: "Wauza maziwa? Kwa baraza yangu? Wallahi tone moja ikiingia kwa mashuka, ni nani atanunua shuka ya kunuka?" Daktari hakubishana. Alirudi siku ya pili. Alirudi siku ya tatu. Kila siku anamsalimia, anauliza mgongo yake inaendeleaje, anasimama tu hapo juani akingoja jibu. Mwishowe mwenye duka akapiga kelele, "Basi! Waje! Kutoka adhuhuri mpaka magharibi! Lakini yule wa mdomo akae mbali na mlango!"

Baraza tukapata. Sasa nani atatoka kwa nafasi ya mama yake? Tuliangaliana. Kila mmoja anaogopa akitoka mwingine ataingia. Mtu mwingine angesema hawa wanawake wajinga, niwaachie jua yao. Yeye hakusema. Alienda kwa imamu ya soko akamwelezea, na Ijumaa tukamsikia imamu kwa kipaza sauti, na ile sauti yake ya kuvuta kama kamba ya kisima: "Enyi waumini. Nafasi ya mama muuza maziwa ni yake. Hata akikaa kivulini. Hata kisiki kikibaki peke yake. Atakayeingia, atajibu."

Tukahama wote siku hiyo hiyo. Wote, isipokuwa mmoja.

"Imamu analala usiku," dumaashi akasema. "Ile habana lala." Ile ni mimi tena.

Basi daktari akaleta mwavuli. Hii hii. Akampa, dumaashi akaisukuma. "Mwafuli ya nini? Mvua iko?" Daktari akaifungua mwenyewe, akasimama nyuma ya kisiki, akamshikia juu ya kichwa. Dumaashi akasogea kulia, atoke kwa kivuli. Daktari akasogea kulia. Akasogea kushoto, mwavuli ikaenda kushoto. Soko yote inaangalia, vijana wa boda boda wanashangilia kama mpira. Mwishowe dumaashi akachoka akatulia, lakini uso aliweka juani, kusudi tu.

Na ikawa kila alasiri. Mkono wa kulia ikichoka anabadilisha wa kushoto. Nimeona askari wakilinda benki na bunduki, hawasimami namna ile. Nilimwambia, "Daktari, muache, huyo amezaliwa Buna." Akasema, "Hata Buna watu wanakufa na joto, mama. Hawarudi tu kuwaambia." Nikajua huyu msichana tumeanza kumharibu, ameanza kujibu kama sisi.

Lakini mkono ni miwili tu na kazi ni nyingi. Siku moja aliitwa kwa vijana wa mjengo, kuna mtu alikuwa anatapika. Mimi niko kwa baraza, namwangalia dumaashi kama nilivyopewa kazi. Mteja akaleta jagi. Dumaashi akamimina maziwa, na maziwa ikapita kando ya jagi, ikamwagika chini, na yeye anaendelea kumimina tu. Maziwa ya ngamia! Huyo mtu akidondosha tone anaomba msamaha kwa ngamia.

Nikashuka kwa baraza. Nikafika. Akaniangalia, na macho yake haikunipata. Akasema kwa Kisomali, polepole, kama mtoto: "Hooyo, mti iko wapi?"

Mama. Aliniona mimi ni mama yangu.

Nilimshika mkono, mkavu, moto kama sufuria imesahaulika jikoni. Jasho hakuna. Nikatoa sauti ya sajini, ile ambayo polisi wenyewe wameniachia: "Wewe na pikipiki! Mjengo! Daktari! Sasa hivi!" Kijana aliruka. Wanawake wanne wakaja, tukambeba mpaka kwa baraza, jerikeni inapinduka, maziwa inaenda, hakuna aliyeangalia maziwa.

Daktari akafika, hata pikipiki haijasimama ameruka. Ile sauti ya kubembeleza mbuzi hakuna tena. "Mlegezeni nguo! Maji! Leteni maji mingi!"

Hapo tukakwama. Kulegeza nguo, na wanaume wamejaa soko, na huyu mwanamke hata shemeji zake hawajaona nywele yake? Na maji, nani ana maji alasiri ya Ramadhani? Daktari aliona vile tumeangaliana. Hakugombana na sisi hata kidogo. Akasema, "Mitandio yenu. Simameni duara."

Wallahi nikikumbuka naona fahari. Wauza maziwa wote walisimama, mmoja kando ya mwingine, wakafungua mitandio yao mirefu ya juu, ya kijani, ya manjano, ya zambarau, wakashikana ncha kwa ncha, ikawa chumba katikati ya soko. Chumba ya nguo, na wazee ndio kuta. Nje wanaume wakageuza mgongo bila kuambiwa. Na maji? Imamu mwenyewe. Alikuja mbio kutoka msikitini na birika za kutawadha, mbili kila mkono, uso ameuelekeza upande wa Nairobi asione kitu, anapitisha birika juu ya kuta: "Chukueni. Chukueni. Nyingine inakuja." Mwenye duka ya nguo, yule wa chuma, akarusha ndani shuka mpya, haijafunguliwa. "Lowesheni! Lowesheni hiyo!"

Tulimlowesha kichwa, shingo, kwapa. Tulipepea na vipande vya katoni mpaka mikono ikauma. Daktari amepiga magoti, anamwita, "Eeddo, eeddo," shangazi, neno alijifunza kwetu. Baada ya muda dumaashi akafungua macho, akaniona, akaniita jina yangu mwenyewe na tusi ndogo nyuma yake. Nikalia. Nilijua amerudi.

Daktari akamwekea kikombe mdomoni. Akafunga midomo. "Magharibi bado."

Imamu akasema kutoka nje ya kuta, mgongo umegeuka, "Kunywa, mama. Hii funga imeisha. Utalipa siku nyingine ukiwa mzima."

"Umeniona wewe?" dumaashi akauliza kwa hasira, kichwa kwa mapaja yangu.

"Sijaona kitu, mama. Kunywa."

Akakunywa. Tukamweka kwa tuktuk, daktari akaenda naye hospitali, wakamtia maji ya dripu, na alirudi nyumbani na uhai wake. Walimwambia Ramadhani hiyo amemaliza kufunga, na apumzike ndani. Alipumzika. Sote tukasema amepata akili.

Siku ya kwanza aliporuhusiwa kutoka, tukamwona anakuja na jerikeni zake, polepole, amekonda. Tukampangia mahali kwa baraza. Akatupita. Akaenda moja kwa moja kwa kisiki. Akakaa.

Jua ilikuwa ile ile.

Imamu alikuja akasema naye, akavuta kamba yake yote ya kisima, hakuna maji ilitoka. Mwenye duka akakuja, "Mama, hata mlangoni kaa! Hata ndani!" Hapana. Tukapigia mtoto wake, yuko Rhamu huko Mandera, analima vitunguu kando ya mto Daua, tukaweka simu kwa sauti kubwa: "Hooyo, nakuomba, hooyo, nitakuja nikubebe." Akasema, "Mwagilia vitunguu," akakata. Mimi mwenyewe, na mdomo yote hii, nilisema naye kwa upole kabisa. Hiyo ndiyo ilimtia hofu zaidi. Aliona mimi nikisema kwa upole ni kwa sababu nataka kisiki.

Halafu daktari akafika, na mwavuli. Alikuwa amechoka, unaona kwa mabega. Tukafikiri atafungua asimame nyuma yake kama siku zote. Hakufungua. Aliiweka chini kando ya kisiki, akakunja mikono. Akamwangalia dumaashi. Akaniangalia mimi. Akamwangalia dumaashi tena. Akasema neno yake.

Neno haijamaliza kutoka, dumaashi amesimama. Amebeba jerikeni yake mbili, amepita kati ya watu, amepanda baraza, amekaa katikati ya mkeka yangu, amenisukuma na kiuno. Mpaka leo anakaa hapo, kila adhuhuri mpaka magharibi. Wateja walimpata siku hiyo hiyo, na wangu wengine amechukua. Kisiki iko wazi, mbuzi ndio wanapanda juu yake. Saa hii amelala hapa nyuma yangu, anajifanya hasikii.

Na daktari hakupiga kelele, usifikiri. Alisema na sauti ile ile ya kubembeleza mbuzi:

"Kaa tu, eeddo. Ukifa hapa, nafasi inarudi kwa dumaashi yako."